Supu ya Mwani Niliyoikataa

Mwanangu Nasra,

Kichwa hakiniumi. Wewe umeniamini, ukanifungia pazia, ukaniwekea vidonge na glasi ya maji pembeni ya kitanda, ukatoka na baba yako kwa kunyata ili usiniamshe. Niliposikia gari limeondoka nikanyanyuka. Sasa nimekaa mezani jikoni, jua la alasiri limeingia mpaka kwenye jiko, na wewe uko mtaa wa pili kwa Bi Yun, kwenye chakula cha kukuaga. Tulialikwa sote. Mimi sikwenda kwa sababu nina wivu. Haya, nimelisema, na ulimi haujanikatika.

Kesho alfajiri unapanda ndege kwenda Seoul kusoma. Leo ndiyo siku yako ya mwisho nyumbani, na saa zake nzuri unazitumia kwa mwanamke mwengine. Nakuandikia sasa ili nikutilie waraka huu begini kabla hamjarudi, maana nikikutazama usoni nitasema mambo ya soksi.

Habari za koti hutazikuta humu. Baba yako ameshakwambia koti mpaka nahisi koti lenyewe limechoka. Chakula halali, Bi Yun ameshakuchorea ramani ya maduka, maana huyo hasahau kitu. Sala zako unazijua. Mimi nitakwambia habari ya wivu, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kwa bidii miaka hii yote, kuliko hata kupika, na mtaa wetu mzima wa Al Warqa, hapa Dubai, unajua kwamba mimi napika.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba aliyekupeleka kwa Bi Yun ni mimi, kwa mkono wangu. Unaikumbuka ile siku ya mataifa, kwenye bustani ya karibu na msikiti? Ulikuwa na miaka kumi na tatu, meno yamefungwa vyuma. Waliniomba nije na meza ya Zanzibar. Nikatandika kanga, nikapanga vitumbua na kashata, nikaweka sufuria kubwa la urojo, nikajiona mimi ndiye sherehe yenyewe. Meza ya jirani ilikuwa ya Wakorea. Palikuwa na mwanamke mwembamba, nywele fupi, amepanga makaratasi ya rangi ya kukunjia maua, vikeki vya mchele, na ngoma moja yenye kiuno chembamba, mfano wa vinu viwili vilivyogeuziana migongo. Nikamsalimia, akainama mpaka nikaona haya, na mimi nikainama. Halafu nikakwambia, "Nasra, nishikie upawa, nakwenda kuswali mara moja."

Niliporudi upawa ulikuwa umezama ndani ya urojo. Wateja wamesimama na bakuli zao. Na wewe uko meza ya pili, umevalishwa gauni lao, sketi imefura, mtandio wako bado kichwani, na yule mwanamke amepiga magoti mbele yako anakufunga utepe kifuani. Ulikuwa unacheka. Si kutabasamu, kucheka hasa, mdomo wazi, vyuma vyote vinamemeta juani. Nyumbani ulikuwa hucheki bila ya kuziba mdomo kwa kiganja. Picha zote za Idi ya mwaka ule umefumba midomo. Nikasikia kitu kinanichoma hapa kifuani, chini ya ziwa. Mteja mmoja akanambia, "Mashaallah, binti yako kapendeza." Nikamjibu, "Pilipili nikutilie au basi?"

Tangu siku ile Ijumaa zangu zikakatika. Zamani tukishakula cha mchana ulikuwa unakaa na mimi jikoni, unanikunia nazi, tunamsema huyu na yule mpaka Alasiri. Sasa ikawa ukimaliza kula unakwenda kwenye ukumbi wao, Bi Yun akufundishe ile ngoma. Ukirudi unapiga vifuniko vya masufuria yangu. Baba yako anatingisha kichwa, anasema, "Mtoto huyu ana mdundo." Nami nasema, "Sufuria hilo lina harusi kesho. Khalas." Kuna siku nilikuwa peke yangu naosha vyombo, nikajikuta nagonga mdundo ule ule juu ya sinia. Nikaacha mara moja, nikageuka nyuma kutazama kama kuna aliyenisikia.

Halafu likaja neno imo. Imo kasema hivi, imo kafanya vile. Nikakuuliza, imo ndiyo nani?

"Mama mdogo, mama. Kwao ndivyo wanavyomwita mtu kama yeye."

Nikakwambia, "Mimi nina dada wawili. Mmoja yuko Jambiani, mmoja yuko Maskati. Sina ndugu Mkorea."

Baba yako alicheka mpaka chai ikampalia. Wewe hukucheka. Ulikwenda chumbani kwako, na tangu hapo mbele yangu ukawa unamwita "yule mwalimu". Nikadhani nimeshinda.

Nilimtafutia kasoro, Nasra. Wallahi nilimtafutia. Nikajisemea, hawa wanakula nguruwe, wanakunywa, nitampata tu. Siku moja nikenda kwake bila ya taarifa, nimebeba sinia la sambusa liwe kisingizio. Akanifungulia, akanipeleka jikoni mwenyewe kabla sijauliza, akanionesha rafu yako. Kisu chako, ubao wako wa kukatia, sufuria lako jipya, vyote vimefungwa utepe wa kijani, na watoto wake wameambiwa wasiviguse. Kwenye kona palikuwa na mswala umekunjwa. Alikwenda kununua mswala! Akanionesha na kibla, amekitafuta kwa simu yake. Mwanamke mwengine angesema alhamdulillahi. Mimi nilirudi nyumbani nimenuna, kwa sababu nilikwenda kutafuta neno la kumsema nikalikosa, na sinia langu kalirudisha limejaa matunda.

Ile habari ya kimchi naijua vizuri kuliko unavyodhani. Uliileta chupa pana imejaa, ile kabichi yao ya chumvi na pilipili na vitunguu thomu inayoachwa ichachuke, ukaiweka ndani ya friji langu. Siku ya pili yake maziwa yananuka kimchi, halwa inanuka kimchi, mpaka barafu. Ningeweza kukwambia utafute pengine pa kuiweka. Lakini nilingoja umekwenda skuli, nikaikaza kifuniko kwa nguvu zangu zote, nikaitoa nyuma, kwenye kibaraza cha kuanikia nguo. Mwezi wa Septemba, Dubai, jua halijapunguza hata kidogo! Mimi niliyechachua unga wa vitumbua maisha yangu yote, siwezi kusema sikujua. Kitu kinachochachuka hakikazwi kifuniko, na juani hakiwekwi. Nilijua vizuri sana. Nilitaka tu kitoke nyumbani mwangu.

Adhuhuri kikapiga kishindo, nikadhani mtungi wa gesi. Kanzu za baba yako zilikuwa kwenye kamba, nyeupe zote, za Ijumaa. Toba! Jirani akatoka kwake anauliza kwa Kiarabu kuna nini, kuna aliyeumia? Wewe ukarudi kutoka skuli ukanikuta nimepiga magoti naokota majani ya kabichi kwenye mikono ya kanzu. Hukuniuliza kitu. Ulivua viatu, ukachukua ndoo, tukafua pamoja kimya kimya, maji yanatoka mekundu kila tukisuuza. Nilikuwa nangoja unifokee. Ungenifokea ningepata pa kujitetea. Ulisema tu, "Nyengine nitaiacha kwa yule mwalimu," ukaenda kusoma.

Mwaka uliofuata, joto lilipovunjika, Bi Yun akatualika kwenye siku yao ya kutengeneza kimchi ya mwaka mzima. Baba yako akasema safari hii lazima twende. Kwao kazi ile hafanyi mtu mmoja. Wanakusanyika wanawake, kabichi zimeshalala na chumvi, hawa wanasuuza, hawa wanakatakata, hawa wamekaa chini wanapaka viungo jani kwa jani. Nilipoingia ule ua nikasimama. Mabeseni makubwa, mikono ya nguo imekunjwa juu, watoto wanafukuzwa, na umbea unakwenda. Lugha sikuijua, lakini umbea naujua katika lugha yoyote. Nikaona kwetu, siku tunapochagua mchele wa harusi. Nilipapenda pale, Nasra. Nikakasirika kwamba nimepapenda.

Wana desturi yao. Jani likishapakwa vizuri, aliyelipaka halili mwenyewe. Analikunja kwa vidole, anamtia mwenzake mdomoni. Bi Yun akakunja jani, akaita jina lako, na wewe ukafungua mdomo.

Basi. Tonge, kwa mkono wake, mdomoni mwako, na mimi nimesimama natazama. Kwetu anayekutia tonge mdomoni ni mama yako au bibi yako. Wewe ulikataa kula mkononi mwangu ulipoanza skuli, ukasema umekuwa mkubwa, na mimi nikaheshimu, nikakupa kijiko chako. Sasa una miaka kumi na sita unamfungulia mdomo mwanamke wa watu, mchuzi unakuchirizika kidevuni, unacheka.

Akakunja jengine, akaja kwangu. Uso wote furaha, glavu nyekundu mpaka viwikoni, mkono umenyooka. Wenziwe wote wakaacha kazi wanangoja. Nikafumba mdomo, nikageuza uso. Akadhani sijaelewa, akausogeza mkono tena. Nikasema kwa Kiarabu, na kwa sauti, "Mimi mikono ninayo. Na huyu mama anaye."

Mmoja wao alikuwa anajua Kiarabu, nilimuona anavyoinamisha macho. Bi Yun akashusha mkono. Akalila lile jani mwenyewe, taratibu, akarudi kukaa mahali pake. Ndani ya gari uligeukia dirishani njia nzima. Ulikuwa na pilipili imekauka pembeni ya mdomo. Nilitaka kukupangusa, nikaogopa utanisukuma mkono.

Halafu ikaja siku yako ya kuzaliwa, uliyotimiza kumi na saba. Kila mwaka siku ile mimi nakupikia biriani. Asubuhi nikaamka nikakuta jikoni kuna mvuke, umesimama na nywele umezibana, unaonja chumvi. Ukanivutia kiti. Ukaniwekea bakuli, ndani yake mchuzi mwepesi wa nyama na majani ya kijani yanateleza. Sikuhitaji kutazama. Pua iliujua kabla ya macho. Mwani.

Wewe mwani umeuona likizo, umeanikwa Jambiani, ukaupiga picha. Mimi niliulima. Kabla ya kuolewa nilikuwa nashuka pwani na bibi yako maji yakikupwa, tunafunga vipande kwenye kamba, tumeinama mpaka mgongo unakataa kunyooka, vidole vinachanika, chumvi inaingia kwenye michaniko. Magunia yanaondoka kwenda ng'ambo, wala hatujui yanakwenda kufanywa nini. Kwetu sikumuona mtu aliyekula mwani. Nilipopata mume wa Dubai niliapa sitaugusa tena. Na sasa umo ndani ya bakuli langu, juu ya meza yangu, umepikwa na mwanangu kwa mafunzo ya Mkorea! Wa kwao ni namna nyengine, najua, lakini harufu ya bahari ni ile ile. Nikasukuma bakuli.

"Mpelekee imo wako," nikakwambia.

Ukasimama na kijiko mkononi. "Nimekupikia wewe, mama."

"Mimi leo ninapika biriani."

Nikaimwaga kwenye sinki mbele ya macho yako, nikafungulia maji, nikaanza kukata vitunguu. Biriani lile ulikula vijiko viwili ukasema umeshiba.

Jana asubuhi, wewe na baba yako mmekwenda kununua sanduku, Bi Yun alikuja mwenyewe kutualika. Sikumkaribisha ndani, Mungu anisamehe, tulisimama mlangoni. Kiarabu chake cha dukani, Kiingereza changu cha dukani, tukakutana katikati. Akasema katika vyakula vya leo atapika na supu ya mwani, kwa sababu siku yako ya kuzaliwa mwaka huu utakuwa mbali.

Nikamwambia, "Supu hiyo mimi siipendi."

Akashangaa. "Hata ile ya Nasra? Alikuja kuipika kwangu mara si moja, inamharibikia. Siku moja alilia."

Ndipo akaniambia. Kwao mwanamke akishajifungua, supu ile ndiyo anayopewa, ndiyo chakula cha mzazi. Kwa hiyo mtu akiinywa siku yake ya kuzaliwa, anamkumbuka mama yake aliyemzaa na tabu aliyoipata. "Nasra aliniuliza, chakula gani cha kumwambia mama ahsante," akasema. "Nikamwambia, hicho."

Akainama kama kawaida yake, akaondoka. Mimi nikabaki nimeshika kitasa cha mlango. Kwetu mzazi ananyweshwa uji wa pilipili manga. Ungeniletea uji wa pilipili manga asubuhi ile ningejua papo hapo, ningekukumbatia na upawa wako. Ulinipa kitu hicho hicho, na mimi nikakimwaga.

Utadhani wivu uliisha pale mlangoni. Haukuisha, ulizidi! Kwa sababu hata namna ya kunishukuru mimi, mimi niliyekuzaa, umekwenda kufundishwa na yeye. Niliufunga mlango nikautukana.

Mchana nikampigia simu bibi yako Jambiani, kutafuta mtu wa kuniunga mkono. Nikamwambia kesho siendi, nitasema kichwa kinaniuma. Unaijua ile hadithi ninayokuhadithia, kwamba siku niliyoondoka kuja Dubai bibi yako hakunisindikiza uwanja wa ndege. Alisema maji yanakupwa, mwani unamsubiri. Akanisindikiza shangazi yangu wa mjini, aliyenitafutia mume, aliyenishonea nguo, aliyenifundisha kukaa na watu. Miaka yote nimekwambia bibi yako ni mwanamke wa kazi, machozi hana. Jana alinisikiliza mpaka mwisho.

"Siku yako ile," akasema, "maji yalikuwa yamejaa."

"Yamejaa vipi, mama?"

"Yamejaa, yamepanda mpaka kwenye minazi. Pwani mtu angekwenda kufanya nini? Nilikaa uani nimeshika kamba mkononi, namtukana shangazi yako mpaka Magharibi. Nikasema, na amsindikize yeye, si ndiye mama siku hizi?"

Nikamuuliza, "Ukaona raha?"

"We Zuwena, maswali gani hayo! Mtoto anaondoka, mimi niko uani na kamba. Nenda kale chakula cha watu."

Miaka zaidi ya ishirini nimeamini mama yangu alinithamini kidogo kuliko kamba ya mwani. Nilijenga tabia yangu juu ya jambo hilo. Ndiyo maana nilipokuzaa nilikubana, nikasema huyu atajua kwamba ana mama, hatakosa kujua. Kumbe mama yangu alikuwa uani anachomeka kwa ajili yangu, na mimi niko uwanja wa ndege nimevaa viatu vya shangazi, natazama mlangoni.

Na baada ya kuambiwa yote hayo, leo bado nilijilaza nikajifunga kitambaa kichwani. Ndivyo kitu hiki kilivyo, mwanangu. Unakijua, unakiona, na bado kinakulaza kitandani saa tisa za mchana.

Nikwambie kilichonigharimu hasa. Hukunipotea kwa Bi Yun. Ulikuwa unarudi kila Ijumaa, kwa wakati, kabla ya Isha. Ila nilikuwa nakuuliza, "Mmefanya nini huko?" nawe unajibu, "Hakuna kitu." Umetoka kupiga ngoma mpaka viganja vyekundu, umetoka kukunja maua ya karatasi, umecheza na mapepeo mikononi mbele ya ukumbi mzima watu wamekupigia makofi, haya yote nimeyasikia kwa baba yako. Mimi naambiwa hakuna kitu. Ulijifunza kunificha furaha yako kama watoto wengine wanavyoficha sigara. Mimi ndiye niliyekufundisha hivyo, kwa kununa. Ule mdomo wazi niliouona bustanini, wenye vyuma, sikuuona tena ndani ya nyumba hii, na vyuma vyenyewe vimeshatolewa.

Huko Seoul utafikia kwa dada yake Bi Yun. Atakupenda, maana naona kwao ni maradhi ya ukoo. Atakupikia, atakukunjia majani, atakwita kwa jina la nyumbani. Fungua mdomo, ule. Siku yako ya kuzaliwa ikifika unywe supu, na uninywee na mimi bakuli langu. Lakini ukinipigia simu usinambie hakuna kitu. Nambie alichopika, nambie mmecheka nini. Nitanuna, nitasema neno la ovyo, pengine nitakukatia simu. Nipigie tena. Afadhali niungue kwa mambo ninayoyajua kuliko kukaa hapa nimetulia, sijui kitu juu ya mwanangu.

Na wewe yatakufika. Kuna siku utampenda mtu, kisha utamuona anacheka na mwengine kuliko anavyocheka na wewe, na pale chini ya ziwa patakuchoma. Usijione una roho mbaya. Ila usikae kitandani.

Simu inalia, ngoja.

Alikuwa baba yako, ananong'ona. "Zuwena, umelala?"

"Nimelala."

"Basi amka. Chakula kimewekwa zamani na hakuna aliyegusa. Kwao mpaka mkubwa wa meza anyanyue kijiko ndipo watu wale. Nikasema mkubwa si mimi? Nikanyanyua. Bi Yun kanitazama, nikakirudisha chini mwenyewe."

"Kwani kasema nini?"

"Kasema mkubwa wa leo ni mama yake Nasra. Watu wazima tumekaa tunatazamana na mabakuli, michuzi inapoa. Na mtoto wako ndiyo usiseme. Kila gari likipita anatazama mlango."

Nikamwambia, "Waambie wale bwana, wasinisubiri."

"Njoo uwaambie mwenyewe," akakata simu. Baba yako, ambaye hajanikatia simu tangu anioe!

Basi naishia hapa. Waraka nautia mfuko wa ndani wa begi lako, chini ya shali, utausoma ndege ikiwa juu. Wakati huo utakuwa umeshajua nilivyoingia, nilivyosalimia, na kama nilimudu kumtazama Bi Yun usoni na kumuomba radhi. Buibui nimeshalivaa. Kwa miguu si mbali, na kutembea kutanifaa. Wivu bado ninao, sitakudanganya, nakuja nao hivyo hivyo.

Nilichokuwa nakiomba nikivaa viatu ni hiki: nikukute umekaa, Bi Yun yuko ubavuni pako, na usinyanyuke kunipisha. Ubavu wa pili unanitosha.

Mama yako,
Zuwena